Mofini, Maumivu na Hofu: Jinsi Uganda Ilivyofungua Kabati la Dawa

Mwaka 1993 daktari Mwingereza, Anne Merriman, alifika Kampala na ombi ambalo wizara nyingi za afya zingelikataa papo hapo. Alitaka ruhusa ya kuingiza nchini unga wa mofini, uchanganywe na maji, utiwe kwenye chupa, kisha wagonjwa wa saratani na Ukimwi wapewe chupa hizo waende nazo nyumbani. Hakuomba sindano ya wodini inayotolewa kabatini na kurudishwa kabatini. Aliomba dawa ya kunywa itakayokaa kijijini, chini ya uangalizi wa mama, binti au shangazi wa mgonjwa. Alikuwa amezunguka nchi kadhaa za Afrika akitafuta pa kuanzia, na kote alikwenda na sharti lile lile: pasipo mofini ya kunywa, hospisi, yaani huduma ya kuwatunza wanaokaribia kufa, haianzi. Waziri wa Afya wa Uganda wa wakati huo, Dk. James Makumbi, alikubali.

Uganda ilikuwa na sababu ya kusikiliza. Ukimwi ulikuwa umeingia karibu kila ukoo, na pamoja nao saratani ya ngozi na mishipa iitwayo Kaposi ilikuwa imeongezeka kupita kiasi. Taasisi ya Saratani pale Mulago ilikuwapo tangu 1967, lakini wagonjwa wengi walifika ugonjwa ukiwa umeshakomaa, na wengine hawakufika kabisa. Daktari aliyekosa cha kuponya aliwarudisha nyumbani na vidonge vya parasetamo. Maumivu ya saratani iliyoingia mfupani hayasikii parasetamo.

Hata hivyo, ruhusa ile ilikwenda kinyume na hofu ya karibu karne nzima.

Mkataba wenye ahadi mbili

Mofini ni kongwe kuliko hofu yake. Friedrich Sertürner, msaidizi wa mfamasia katika mji wa Paderborn, Ujerumani, aliitenga kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, na kufikia 1827 kampuni ya Merck ya Darmstadt ilikuwa ikiitengeneza kwa biashara. Sindano ilipoenea katikati ya karne hiyo, dawa ikawa inafika kwenye damu kwa kasi, na uraibu ukaongezeka. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilileta sokoni heroini, inayotokana na mofini, na kuinadi kuwa dawa ya kikohozi. Haikuchukua muda madaktari wakaona kwamba wagonjwa wanarudi kuidai hata kikohozi kikiwa kimekwisha.

Mataifa yakakutana The Hague mwaka 1912 na kutia saini mkataba wa kwanza wa dunia wa kudhibiti afyuni. Mikataba mingine ikafuata, hadi mwaka 1961 yote ilipounganishwa katika Mkataba Mmoja wa Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya. Mkataba huo una ahadi mbili. Ya kwanza ni kuzuia uraibu na magendo. Ya pili, iliyoandikwa kwenye utangulizi, inakiri kwamba dawa hizi hazina mbadala katika kutuliza maumivu, na kwamba kila nchi ihakikishe zinapatikana kwa tiba. Ahadi ya kwanza ilipata polisi, mahakama na magereza. Ya pili iliachiwa wafamasia wachache wa wizara, nao walijua kwamba mofini ikipotea wataulizwa, na mgonjwa akifa akilia hakuna atakayewauliza.

Utaratibu wenyewe ulisaidia kuifunga dawa. Chini ya mkataba, kila nchi hupeleka Vienna makadirio ya mofini itakayohitaji mwaka unaofuata, na Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya huyapitia. Kiasi kinachoingia nchini lazima kiwe na cheti cha nchi inayonunua na cha nchi inayouza. Mpango huu ni mzuri kwa kuzuia magendo, lakini una mtego wake. Nchi ambayo madaktari wake hawaandiki mofini hukadiria kidogo, ikaagiza kidogo, na kwa kuwa dawa haipo, madaktari wapya humaliza chuo bila kujifunza kuiandika. Mwaka unaofuata makadirio yanakuwa yale yale.

Sheria za nchi zikaongeza kufuli. India, ambayo yenyewe hulima mpopi, mmea wa afyuni, kihalali kwa ajili ya dawa, ilipitisha sheria kali mwaka 1985. Kufikia 1997 matumizi ya mofini hospitalini yalikuwa yameporomoka hadi kilo 18 tu, katika nchi yenye watu karibu bilioni moja. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 1994 na Tanzania mwaka 1995, zote zikiwa na adhabu nzito. Wabunge walikuwa wakifikiria wauza dawa za kulevya wa mitaani. Muuguzi wa zahanati alipozisoma, alijiona yeye.

Dawa kwa saa

Aliyeanza kuibomoa hofu hiyo kwa ushahidi wa kitandani alikuwa Cicely Saunders wa London. Alikuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, ndipo akasomea udaktari, na mwaka 1958 akaanza kazi katika hospisi ya St Joseph's, mtaa wa Hackney. Wakati huo hospitali nyingi zilimpa mgonjwa dawa pale tu maumivu yalipomzidi. Mgonjwa alijikuta akitazama saa, akiomba, akihofia kuomba mapema mno, na mwishowe akionekana kama mtu mwenye tamaa ya dawa. Saunders aliugeuza utaratibu: dawa itolewe kwa saa, mara nyingi kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi. Wagonjwa walitulia, wakala, wakazungumza na watoto wao. Wengi hawakuhitaji kuongezewa dozi bila kikomo kama ilivyodhaniwa.

Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ambayo sera nyingi bado huichanganya. Mtu anayetumia mofini kwa wiki kadhaa, mwili wake huizoea. Ikikatwa ghafla atatoka jasho, atatetemeka, atakosa usingizi. Ndiyo maana dozi hupunguzwa polepole. Uraibu ni jambo jingine: mtu anaisaka dawa kwa udi na uvumba hata inapomvunjia nyumba, kazi na afya. La kwanza humpata karibu kila anayetumia dawa hizi kwa muda. La pili huwapata baadhi yao, na uwezekano wake hutegemea dawa inatolewa kwa nani, kwa sababu gani, kwa muda gani na nani anafuatilia.

Mwaka 1967 Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's, ambako daktari Robert Twycross alikuja kufanya tafiti za mofini ya kunywa. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa maumivu ya saratani wenye ngazi tatu: kwanza dawa kama parasetamo, kisha kodeini na jamii yake, na juu kabisa mofini. Dawa inywewe pale inapowezekana, itolewe kwa saa, ifuate ngazi. Mwongozo ulikuwa mfupi, na bei ya unga wa mofini ilikuwa ndogo. Kilichokosekana ni mtu wa kuufikisha mahali ambapo hakukuwa na vidonge vya viwandani wala hospitali za kulaza wanaokufa.

Kutoka Singapore hadi Nsambya

Merriman alizaliwa Liverpool mwaka 1935. Alijiunga na shirika la watawa wa kimisionari wa tiba, akafanya kazi Nigeria kwa miaka mingi, na baadaye akaacha utawa bila kuacha udaktari. Miaka ya 1980, akifundisha Singapore, aliona wagonjwa wa saratani wakiruhusiwa kutoka hospitali wakiwa na maumivu makali. Pamoja na wafamasia wa hospitali ya chuo kikuu alitayarisha mchanganyiko rahisi: unga wa mofini, maji na dawa ya kuzuia usiharibike. Hakukuwa na haja ya kiwanda.

Mwaka 1990 aliitwa Nairobi kuwa mkurugenzi wa tiba wa kwanza wa Nairobi Hospice, iliyoanzishwa katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa juhudi za muuguzi Ruth Wooldridge na wenzake. Hapo ilidhihirika kwamba mchanganyiko wa Singapore unafaa Afrika Mashariki. Barua zikaanza kumfikia kutoka nchi nyingine, na ndipo akaamua kutafuta nchi ya kuwa mfano.

Hospice Africa Uganda ilianza kwa unyonge. Timu ilikuwa Merriman na wauguzi wawili, Fazal Mbaraka na Martha Rabwoni, katika nyumba ndogo ya kuazima kwenye Hospitali ya Nsambya, wakiwa na Land Rover kuukuu na fedha za miezi michache tu. Baadaye walihamia Makindye, na mwaka 1998 wakafungua matawi Mbarara na Hoima.

Dawa ilipewa rangi kulingana na nguvu yake: kijani kwa iliyo nyepesi, waridi na bluu kwa zilizo kali zaidi. Rangi ilimsaidia hata mtunzaji asiyejua kusoma asikosee chupa, na ilimlinda mtoto asidhani ni maji. Familia ilifundishwa kupima, kutoa kila baada ya saa nne, na kutoa dozi maradufu wakati wa kulala ili mgonjwa asiamshwe usiku. Kwa kuwa mofini hufunga choo, mgonjwa aliyekosa pesa za dawa ya kulainisha alielekezwa kutumia mbegu za papai zilizokaushwa. Kidonda cha saratani kinachonuka kilinyunyiziwa metronidazo iliyosagwa, na jamaa waliokuwa wakikaa mlangoni wakaweza kuingia na kuketi kando ya kitanda.

Kizuizi kilichobaki kilikuwa sheria ya nani anaweza kuandika mofini. Ilikuwa ni daktari peke yake, na madaktari walikuwa mijini. Hospisi, pamoja na Wizara na mshauri wake wa sera Dk. Jack Jagwe, ilijenga hoja hatua kwa hatua: kwanza miongozo, kisha mafunzo, kisha kanuni. Mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliohitimu mafunzo maalumu ya miezi tisa kuandika mofini. Serikali iliamua pia kwamba mgonjwa asilipie dawa hiyo. Baadaye uchanganyaji wa mofini kwa ajili ya nchi nzima ulikabidhiwa Hospice Africa Uganda, na bohari ya taifa ikawa ndiyo inayoisambaza.

Aliyezoea kuona udhibiti kuwa ni kukataza hushangaa akiona hesabu za utaratibu huu. Unga unaingia kwa cheti, unapimwa, unaandikwa. Chupa zinakaa kabatini chini ya kufuli, na kila inayotoka inaandikiwa jina la mgonjwa na saini ya mtoaji. Muuguzi anamtembelea mgonjwa nyumbani, anaangalia kilichobaki, anauliza usingizi na choo. Mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki inarudishwa. Kwa hiyo safari za kupeleka dawa ndizo hizo hizo za kuilinda.

Unga wa pwani

Wakati chupa za kijani zinasambaa Uganda, pwani ya Kenya na Tanzania ilikuwa na msiba mwingine. Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ilianza kuonekana Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam katika miaka ya 1980, ikiletwa kwa bahari na kwa ndege kutoka Asia. Mwanzoni ilivutwa, mara nyingi ikichanganywa na bangi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 vijana wengi zaidi walikuwa wakijidunga, na sindano za kuchangia zikasambaza virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Neno teja, yaani mraibu wa unga, likaingia katika lugha ya kila siku, na kila mtaa ukajua arosto, mateso ya kuikosa dawa, inavyomfanya kijana auze hata sufuria ya mama yake.

Msiba huu ndio uliowapa watawala sura ya neno mofini. Mbunge akisikia jamii ya afyuni, anamwona teja wa maskani. Lakini unga ule haukutoka kwenye kabati la hospitali yoyote. Ulitokana na mpopi uliolimwa maelfu ya kilomita mbali, ukapita baharini, ukafika maskani kwa kete. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wa Kenya wenye saratani na Ukimwi waliokuwa wakiumia bila mofini, katika nchi hiyo hiyo ambayo kete za heroini zilikuwa zikiuzwa vichochoroni. Sheria ilikuwa imemnyima mtoto dawa bila kumzuia muuzaji.

Dar es Salaam ilitoa somo jingine Februari 2011, pale Hospitali ya Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini. Ilikuwa ya kwanza ya serikali katika Tanzania bara na mojawapo ya za mwanzo kabisa kusini mwa Sahara. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni. Kila siku mgonjwa huja dirishani, hutajwa jina, hupewa dozi yake na kuinywa mbele ya mhudumu. Arosto haimpati, na siku yake inabaki kwa kazi na familia. Kenya ilifuata kwa kliniki za Mathari na Malindi, huku Zanzibar ikijulikana kwa soba hausi zake, nyumba za kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya, zinazoendeshwa na waliowahi kuwa waraibu.

Kwa hiyo kulikuwa na dawa za jamii moja zikitolewa na serikali kwa makundi mawili ya watu, wanaokufa kwa saratani na wanaojinasua na unga, na kote kanuni ilikuwa ile ile: mgonjwa anayejulikana, kipimo kilichoandikwa, mhudumu anayerudi kuuliza hali. Hata hivyo, kwa miaka mingi unga wa mofini Tanzania ulitegemea zaidi Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam, pamoja na hospitali chache zilizojitahidi kama Selian ya Arusha. Mgonjwa wa Kigoma au Mtwara alikuwa mbali na vyote.

Marekani: muuzaji alipogeuka mwalimu

Marekani ilipitia njia nyingine. Mwaka 1980 jarida la tiba la New England lilichapisha barua fupi ya Jane Porter na Hershel Jick wa Boston. Walisema kuwa kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za jamii ya afyuni hospitalini, walipata kumbukumbu za uraibu kwa wanne tu wasiokuwa na historia ya uraibu. Ilihusu watu waliokuwa wamelazwa, chini ya uangalizi. Haikusema lolote kuhusu mtu anayepelekewa vidonge nyumbani kwa miezi kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Hata hivyo ilinukuliwa zaidi ya mara 600 katika miaka iliyofuata, na wengi wa walioinukuu waliitumia kuthibitisha kwamba uraibu ni nadra.

Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni OxyContin. Mawakala wake waliwaambia madaktari kwamba uwezekano wa uraibu ni chini ya asilimia moja. Kufikia 2012 madaktari wa Marekani waliandika zaidi ya vyeti milioni 255 vya dawa hizi kwa mwaka. Mwaka 2007 kampuni ilikiri mahakamani kwamba iliipotosha jamii kuhusu hatari ya dawa yake, na pamoja na wakuu wake watatu ikalipa zaidi ya dola milioni 600. Waliozoea vidonge walipovikosa, wengi waligeukia heroini, kisha fentanili ya magendo. Mwaka 2021 pekee, zaidi ya Wamarekani 80,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii hii.

Marekani haikuharibikiwa kwa kuwahurumia mno wanaokufa. Iliharibikiwa kwa sababu anayeuza dawa aliachiwa awe ndiye anayefundisha matumizi yake, na kwa sababu kati ya cheti cha daktari na kabati la bafuni hapakuwa na mtu wa kurudi kuuliza. Uganda ilikuwa na uhaba wa kila kitu isipokuwa mtu huyo.

Lakini habari za Marekani zilisafiri kwa kasi kuliko maelezo yake. Mwaka 2019 wabunge wawili wa Marekani walitoa ripoti iliyodai kwamba miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2011 na 2012 kuhusu dawa hizi iliathiriwa na Purdue, na shirika likaiondoa. Madaktari wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya wagonjwa wasiopona, katika nchi maskini waliingiwa na wasiwasi: miongozo ile ndiyo waliyokuwa wakiiweka mezani mbele ya maafisa wa wizara. Miaka miwili kabla, tume ya jarida la Lancet ilikuwa imeonyesha ukubwa wa pengo. Kati ya tani 298.5 za dawa hizi, zikihesabiwa kwa kipimo cha mofini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Tume ilikadiria pia kwamba dola milioni moja tu kwa mwaka zingetosha kununua mofini kwa watoto wote wa nchi hizo wanaoihitaji.

Kinachohesabiwa

Anne Merriman alifariki Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 90, katika nchi aliyoichagua. Aliacha mfumo unaofanya kazi lakini usio imara. Bado kuna wilaya Uganda zisizo na mhudumu aliyefunzwa, unga ukichelewa njiani chupa hukauka nchi nzima, na kila kizazi kipya cha maafisa lazima kielezwe upya kwa nini dawa hii ipo. Lakini hoja aliyoianzisha imesimama kwa zaidi ya miaka thelathini: dawa kali inaweza kufika kijijini bila kumwagika mtaani, mradi wanaoipeleka ndio wanaoihesabu.

Kilichobaki ni kusahihisha hesabu yenyewe. Mkaguzi akiingia stoo ya hospitali yoyote kati ya Kampala na Dar es Salaam, daftari litamwonyesha kila mililita iliyotoka na kila iliyopungua, na iliyopungua itatafutiwa mtu wa kujibu. Daftari hilo hilo halina safu ya wagonjwa waliostahili dawa wakaikosa. Sera inayotaka kutimiza ahadi zote mbili za mwaka 1961 ianzie hapo: safu hiyo iongezwe, ijazwe kila mwezi, na awepo afisa wa kuijibu kama anavyojibu upotevu wa chupa.